Mgagani wa Bomani

Mayu, mama mkwe wangu,

Mwangaluka. Nakuamkia kwanza kwa salamu ya nyumbani kwako, kisha naendelea kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule misheni Ushirombo. Mimi na wewe tuligombana kwa Kisukuma miaka mitatu mizima. Leo tusikilizane kwa lugha ya sokoni.

Utaona bahasha haikubandikwa gundi. Sikusahau. Nimeiacha wazi makusudi, na nataka shemeji Masele, mwanao mdogo, akusomee uani mchana, majirani wakiwepo, kwa sauti ile anayoitia ng'ombe. Asiruke neno hata kama litamchoma. Yamo yanayonihusu mimi, yamo yanayomhusu mwanao mkubwa, na yamo yanayowahusu hao wanaoyaangalia macho yako siku hizi.

Wiki mbili zilizopita alipita hapa mwanamke anayeuza dagaa, huzunguka kutoka huko kwenu mpaka Tinde. Nilimpa maji ya kunywa, naye akanipa habari. Alisema upande wa Geita kuna bibi kizee wa Kisukuma, mrefu, anatembea ameshika kiuno. Anaonekana asubuhi na umande kwenye mahame ya watu, na kwenye kambi zilizoachwa na wachimbaji. Anainama, anachuma kitu, anatia kikapuni, hasemi na mtu, na macho yake ni mekundu. Vijana wawili wanaochimba huko, duara lao, yaani shimo lao, limekosa dhahabu siku chache baada ya yeye kupita karibu, na sasa wanasema bibi ameukimbiza mwamba.

"Wanamwitaje?" nikamuuliza.

Alifunga dagaa wake, akaaga.

Alipotaja kiuno nilijua ni wewe. Nchi yetu naijua, Mayu. Maneno ya macho mekundu yakishaanza hayabaki kuwa maneno, huishia kwenye panga. Tangu siku ile naiandika barua hii kichwani, kwa sababu najua umefikaje huko, na najua ni nani aliyekufikisha. Wewe unadhani unamjua. Humjui.

Ngoja nianze pale nilipoanza mimi.

Nilipoletwa kwako nilikuwa ng'winga, bibi harusi wa Kisumbwa, nimelelewa kwenye bustani ya masista na nikajiona najua kila kinachoota. Wiki ya kwanza ulinipa jembe nikapalilie ukingo wa boma la ng'ombe, pale ulipopanda maboga. Nikapalilia kwelikweli. Nikang'oa kila kisichokuwa boga, nikafanya rundo, nikakaa pembeni kungoja sifa. Ulipokuja uliliangalia lile rundo, ukapiga magoti, ukaanza kuokota jani mojamoja.

"Nani kakwambia haya ni magugu?"

Nikasema kule misheni mgagani tulikuwa tunaung'oa ili kabichi zipumue. Ulicheka mpaka ng'ombe wakageuka. "Kabichi," ulisema. "Kabichi ndiyo itakayokupa maziwa ukizaa?" Tangu siku hiyo, hata nilipopata watoto, jina langu pale nyumbani lilikuwa Kabichi. Nilikuchukia kwa jina lile. Nakwambia wazi, nilikuchukia.

Lakini ulinifundisha. Ulinionyesha jani lake, vidole vitano kama mkono wa mtoto, linanata ukilishika, na harufu yake haiachi mkono hata ukinawa mara mbili. Ulisema kupe hawaipendi harufu ile, ndiyo maana ndama ulikuwa ukiwafunga pale ulipojaa. Ulinikataza kuchuma ukishatoa maua meupe, kwa kuwa hapo umezeeka na uchungu wake umekuwa wa hasira. Uchumwe asubuhi, ncha tu, umande ukiwa bado, ili shina lichipue tena. Mtoto akiumwa sikio ulipekecha jani ukamdondoshea maji yake. Hilo sikulielewa na mpaka leo silielewi, ila mtoto alinyamaza. Ukibaki mwingi uliuchemsha, ukaukamua, ukaufinyanga mabonge kama ya udongo wa mfinyanzi, ukayaanika juu ya jiwe. Bonge moja lilikaa mpaka kiangazi kijacho.

Tulichogombania zaidi ni maji. Mimi niliuchemsha mgagani nikamwaga maji yote, nikaweka mengine, nikayamwaga nayo, mpaka mboga ikawa haina uchungu. Na kwa kweli haikuwa na kitu kingine chochote. Wewe ulimwaga ya kwanza nusu tu, ukaacha nusu chunguni, ukatia maziwa, ukaulaza usiku kucha na kuupasha asubuhi. "Usimwage maji yote," ulikuwa ukisema. "Unamwaga dawa, unakula majani." Nami nilikuwa nanung'unika kwamba Wasukuma wanapenda mateso. Ulinisikia. Ulikuwa unajifanya husikii.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka ulipokuja mwaka wa Operesheni.

Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kama ilivyo desturi ya mwenye mji, alizikwa ndani ya boma, katikati ya ng'ombe wake. Udongo wa kaburi lake haujakaa sawasawa tukaambiwa tuhame, sote, twende tukae kwenye mistari kandokando ya barabara, shule na bomba viko njiani vinakuja. Baba Kulwa, mwanao na mume wangu, akachaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Hakuutafuta ubalozi ule. Aliweza kusoma tangazo, basi. Na kazi ya kwanza ya balozi ilikuwa kuhakikisha hakuna anayerudi mahameni. Anayerudi atahesabiwa kuwa anapinga, na nyumba yake ya zamani itachomwa.

Mvua ikachelewa. Kule kwenye mistari mchanga ulikuwa mweupe kama unga, na unga wenyewe ulikuwa wa njano, wa msaada, tukiuchukua bomani kwa zamu, kwenye ofisi za serikali. Mboga hakuna. Katikati ya hali hiyo nikajifungua mapacha, Kulwa na Doto, na damu nyingi ikaniacha. Nilikuwa nikisimama naona giza. Maziwa yalitoka siku tatu, ya nne yakakata. Kulwa alinyonya akalia, Doto alinyonya akalia, halafu Doto akaacha hata kulia. Hilo ndilo lililokutisha. Ulimgusa utosi, ukaona umebonyea, ukachukua kikapu, ukatoka nje.

Ulirudi jua limepanda na kikapu kimejaa. Ilikuwa imenyesha mvua moja tu, haikufaa hata kupanda, lakini kwenye samadi ya boma letu la zamani mvua moja inatosha. Uliupika kwa njia yako, nusu ya maji ndani, na maziwa ya ng'ombe wa mwisho aliyekuwa anakamuliwa. Ulinishika kidevu kama mtoto.

"Kunywa na maji yake, Kabichi."

Nikanywa. Ulinipa asubuhi na jioni. Siku ya tano matiti yaliuma kwa kujaa, na Doto alinyonya mpaka akapaliwa. Uliangalia, ukasema "Wabeja", na sijui ulikuwa unamshukuru Mungu, marehemu au mgagani.

Ukawa unakwenda kila baada ya siku moja. Unatoka na umande, unarudi kabla watu hawajajaa barabarani, kikapu umekifunika kwa kanga. Mwanao alijua. Hakuwahi kukuuliza, naye alikuwa akiondoka mapema ili asikuone ukirudi. Mimi nilijua. Wewe ulijua kwamba tunajua. Ndivyo tulivyokula, watu wazima watatu, kila mmoja anaangalia bakuli lake.

Sasa nafika penyewe. Masele, soma polepole.

Siku arobaini zangu zilikuwa zimekwisha Katibu wa Chama alipokuja kukagua nyumba. Wewe ulikuwa umekwenda bombani, lile bomba la kijiji cha jirani, kwa sababu letu lilikuwa bado liko njiani. Baba Kulwa alikuwa ameitwa upande wa pili kupima mstari. Mgeni wa serikali hafiki kwa balozi akaondoka na njaa, kwa hiyo nikamwandalia nilichokuwa nacho, ugali wa njano na mgagani wako uliolala usiku mmoja. Nikapiga magoti, nikamnawisha, nikakaa mlangoni na watoto.

Alikula matonge kadhaa. Halafu akaniuliza, "Mama Kulwa, chakula hiki mmekipata wapi?"

Mimi nikadhani anaulizia ule unga. Nikataka ajue kwamba tunashukuru. Nikajibu, "Kimetoka bomani, ndugu Katibu."

Alicheka. "Unga najua umetoka bomani, mimi ndiye niliyeusainia. Nauliza mboga." Akainua jani kwa vidole viwili. "Mimi nimezaliwa nyuma ya ng'ombe. Mgagani mpana hivi hauoti kwenye mchanga. Huu nao umetoka bomani, ila si boma la serikali. Au nasema uongo?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nimenunua Tinde, kama ulivyonifundisha kusema. Lakini alikuwa ameshaendelea. Alisema tangu aanze ziara hajala mboga ya namna ile, kwamba aliyepika ana mkono, kwamba mkewe angefaa aje kwangu ajifunze. Mayu, miaka mitatu nilikuwa nimeitwa Kabichi. Hakuna mtu nyumbani kwako aliyewahi kusifia chungu changu. Nilisifiwa nikalewa. Nikaona huyu ni mtu mwema, ni mtoto wa wafugaji, anaelewa.

Nikamwambia, "Ni Mayu anauchuma. Anapitia tu lile boma letu la zamani, anarudi. Halali huko."

Nilisema "halali huko" nikijiona nakutetea.

Alifuta bakuli kwa tonge la mwisho. "Kesho atakwenda?"

Nikasema, "Atakwenda."

Alinishukuru, akachukua baiskeli yake. Alimkuta Baba Kulwa njiani, akamwambia waende wote kijiji cha pili, kuna mkutano, watalala huko. Mwanao hakupita hata nyumbani kuchukua koti.

Wewe ulirudi na ndoo yako. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo hasa, si pale kwenye bakuli. Pale niliropoka. Jioni ile nilichagua.

Nilijua. Nilijiambia sijui, kwamba ameuliza tu kama watu wanavyouliza, lakini mwili ulijua, nilimwaga unga nje ya chungu mara mbili mpaka ukaniuliza kama nina homa. Ukaniwekea mkono shingoni. Ningesema neno moja, "Kesho usiende", ungeniuliza kwa nini. Na kwa nini ilikuwa na jibu moja. Nikawa naanza, naacha. Ulikuwa unakamua mgagani, maji ya kijani yanashuka kwenye viganja vyako, moshi wa samadi unakuingia machoni, unafuta kwa bega. Ulinisimulia jinsi baba mkwe alivyokuwa hali mboga nyingine mwezi wa kwanza wa mvua. Halafu ukasema, kwa sauti ndogo, kwamba kule bomani umeota mnene kuliko pote juu ya kaburi lake. Kwamba wengine wangeona ni mwiko kuchuma pale, lakini wewe unamsikia akisema chukua, mpe mama wa wajukuu zangu.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalimeza. Nikakata jingine.

Alfajiri nilikusikia ukiamka. Nilisikia kikapu kikitoka kwenye kigingi chake. Ulisimama mlangoni kwetu, ukasikiliza watoto wanavyopumua. Mimi nilikuwa macho, Mayu. Nilifumba macho nikavuta pumzi kama mtu aliyelala. Ukaondoka. Mpaka leo kikapu kikikwaruza ukuta nashtuka.

Yaliyotokea kule sikuyaona, nimesimuliwa na mwanao mara moja tu, na hajayarudia. Alisema ulikuwa umeinama juu ya kaburi wakati wao wanatokea, Katibu, mgambo wanne na yeye. Walikuwa wameongozana naye moja kwa moja kutoka kwenye mkutano, na njiani ndipo Katibu alipomwambia wanakwenda wapi, na nani amesema. Kikapu kilimwagwa. Kiberiti akapewa yeye, balozi, ili kijiji kijue kwamba sheria haina mama. Ulimwangalia usoni. Alisema ulikuwa umeshika jani moja, na hukuliachia mpaka nyumba ilipoanguka.

Nyumba iliungua mara moja. Samadi ndiyo iliyokataa kuzimika. Iliungua chini kwa chini siku nne, na huku kwenye mistari tuliuona moshi, na kila mtu alijua unatoka juu ya kaburi la nani.

Baba Kulwa alirudi akanikuta nimekaa na watoto wote wawili kifuani. "Ni wewe?" akauliza. Nikasema ni mimi. Alikaa chini. Nilingoja kipigo, maana wapo ambao wangepiga. Alisema, "Nyamaza. Akijua, atakufukuza, na utakwenda wapi na watoto wawili wanaonyonya? Acha adhani ni mimi. Mimi ni damu yake. Atanisamehe kabla ya mavuno."

Hukumsamehe kabla ya mavuno. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwako, akavua kofia, akasema, "Mwangaluka, mayu." Kila asubuhi ulipepeta mchele usiokuwepo, ungo mtupu, mpaka akaondoka. Mimi niliona yote kutoka jikoni. Siku thelathini na kitu. Siku moja alisema mara mbili, akidhani hukusikia, na wewe ukainuka ukaingia ndani. Alirudi akachukua jembe, akaenda shambani bila kula. Nilimfuata nikamwambia nitasema leo. Akasema, "Doto ndiyo kwanza ananenepa. Nyamaza." Nami nilikuwa mwepesi sana wa kutii siku zile.

Halafu Masele akaja kukuchukua ukaishi kwake Geita. Ulikuwa na furushi moja na kikapu. Hukumuaga mwanao. Mimi ulinikuta kwenye jiwe la kusagia, ukaniwekea kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mabonge mawili ya mgagani mkavu, ya kabla ya moto.

"Usimwage maji yote, Kabichi."

Kati yetu wote mimi ndiye niliyekutupa, na mimi ndiye uliyeniachia chakula. Niliyapika yale mabonge kidogokidogo, wiki tatu. Maji yake niliyanywa yote. Yalikuwa machungu, na maziwa yalitoka tele, na Doto leo ana miaka kumi na miwili na mgongo kama wako.

Mara moja nilikwenda kuungama. Padre alinipa sala, akaongeza kwamba sala hizo hazitoshi, niende nikamwambie mwenyewe. Nikasali zile sala, nikajifanya sikusikia sehemu ya pili. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Wanasema pia mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa nimeshazaa, ndiyo maana nilificha.

Mvua iliyofuata nilikwenda bomani peke yangu. Mayu, sijawahi kuona mgagani kama ule. Moto ulikuwa umeua kila kitu, nao ukatoka kwenye majivu, umefika kiunoni. Nilisimama ukingoni pale nilipong'olea ule wa kwanza, na sikuthubutu kuchuma. Mwaka uliofuata nilichuma. Sasa nachuma kila mwaka, naupika kwa njia yako, na wanawake wa mstari mzima wanapojifungua nawapelekea bakuli. Wananiuliza siri ya mboga yangu. Nawaambia ni ya mama mkwe wangu, yuko Geita.

Sasa Masele apaze sauti, hao walio ukutani wasikie.

Huyu bibi macho yake ni mekundu kwa sababu amepika miaka arobaini kwa samadi kavu, katika nchi isiyo na kuni. Anaonekana mahameni kwa sababu mgagani hupenda mahali palipolala ng'ombe na watu, na wenyewe wakishahama ndipo unapojaa. Anakwenda na umande kwa sababu jani lililopigwa na jua linanyauka kikapuni. Hasemi na mtu kwa sababu mara ya mwisho alipokutwa anachuma, alichomewa nyumba. Mwenye mke aliyejifungua na hana maziwa aende akamwombe bakuli. Mwenye duara lisilo na dhahabu achimbe kwingine. Hakuna dhahabu aliyoikimbiza mtu huyu. Alichofanya ni kuwarudisha watoto wangu wawili waliokuwa wameanza kwenda.

Haya, Masele, punguza sauti.

Mayu, mwanao anazeeka. Siku hizi watu wamerudi mahameni mwao na hakuna anayewauliza. Yeye amejenga tena pale, nyumba ndogo ya vyumba viwili. Boma hakulijenga. Amezungushia miiba kaburi tu, na mgagani ndani yake ameuacha, haruhusu mbuzi. Nikimuuliza chumba cha pili ni cha nani, anasema cha kuhifadhia mahindi. Mahindi anayaweka uvunguni. Akipita mtu kutoka Geita humuuliza kama huko mvua imenyesha, halafu husubiri, akingoja mtu huyo ataje jina lako bila kuulizwa.

Sikuombi unisamehe mimi. Hilo utaamua ukiniona, na ukitaka kunifukuza, sasa hivi watoto hawanyonyi tena, nitabeba kikapu changu nirudi Ushirombo. Ninachotaka ni utoke huko kabla maneno ya wale vijana hayajapata miguu.

Barua hii inatangulia na lori la pamba. Siku mbili nyuma yake anakuja Baba Kulwa. Hajui nimeandika. Nimemwambia tu kwamba unaumwa kiuno na umemwita. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwenu, na nimeusema ili apate ujasiri wa kupanda gari. Usiku ule ule alitoa shati jeupe akaliweka chini ya mkeka linyooke.

Atafika mlangoni kwako asubuhi. Atavua kofia. Anadhani utaingia ndani kama zamani, na amekwishajiandaa kusimama hapo mpaka jioni. Atasema, "Mwangaluka, mayu."

Mwitikie.

Mimi mkweo,
Kabichi